Jumbe taka katika makundi ya WhatsApp na wajibu wa wasimamizi

Makundi ya WhatsApp ya mitaa na vijiji yamechukua sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa na mbao za matangazo. Siku za kliniki ya mama na mtoto, ratiba ya mgao wa maji, tarehe ya mkutano mkuu wa kijiji: taarifa hizo sasa humfikia mwananchi kiganjani. Kwa sababu hiyo, jumbe taka zinazomiminwa humo, za ajira hewa, waganga na “uwekezaji” unaozidisha fedha kwa siku tatu, haziishii kuwa kero. Mwanachama aliyechoshwa nazo huacha kulifungua kundi, na tangazo la maji humpita.

Jumbe nyingi za aina hiyo huingia kupitia kiungo cha kujiunga. Kiungo kikishabandikwa Facebook au katika makundi mengine, yeyote mwenye simu anaweza kuingia. Msimamizi anashauriwa kufungua mipangilio ya kundi na kuwasha kipengele cha kuidhinisha wanachama wapya. Ikiwa kiungo kimekwisha kusambaa, akibadili. Cha zamani hukoma kufanya kazi papo hapo. Kundi la matangazo pekee liwekwe katika hali ambayo wasimamizi tu ndio wanaoandika. Msimamizi pia anaweza kuufuta ujumbe wa mwanachama yeyote ukatoweka kwa wote, hivyo ni vema wasimamizi wawe zaidi ya mmoja, maana jumbe hizi hazifuati saa za kazi.

Lililo gumu zaidi ni ujumbe unaotoka kwa mtu anayefahamika. Mwanachama hupigiwa simu na kuombwa namba ya uthibitisho ya tarakimu 6 iliyoingia kwenye simu yake. Akiitaja, akaunti yake hutekwa. Kisha tapeli, kwa jina na picha ileile, huomba fedha kundini. Wanakikundi cha kuweka na kukopa humwamini mweka hazina wao, na ni imani hiyo inayoibiwa kwanza. Namba ya uthibitisho asitajiwe mtu yeyote, na kila mwenye akaunti awashe uthibitishaji wa hatua mbili. Ombi la fedha lihakikishwe kwa kumpigia mhusika simu ya kawaida, hata kama ni jirani.

Jambo linaloigusa Halmashauri moja kwa moja ni jumbe zinazotaja mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, na maelezo yake hupatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Hakuna “ada ya fomu” inayotumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Malipo halali ya Halmashauri hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, maarufu kama kontrol namba.

Mwananchi anayepokea ujumbe mfupi wa kitapeli asiufute. Autume kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na namba iliyoutuma. Aliyekwisha kupoteza fedha awasiliane mara moja na mtandao wake wa simu, kisha atoe taarifa kituo cha polisi akiwa na ujumbe wenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika na makosa ya namna hii. Namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake anaweza kuzihakiki kwa kubonyeza *106#.