Magari madogo ya Mafiga: rula kwanza, mashine baadaye

Duniani kuna watu wazima wanaolipa fedha nzuri ili wauziwe gari ambalo bado halijaungwa. Ndani ya boksi mna fremu za plastiki zenye vipande vilivyopigwa namba, karatasi ya stika na kijitabu cha maelekezo. Gundi na rangi mnunuzi anajitafutia mwenyewe. Jioni, baada ya kazi, anakata kipande kimoja kimoja kwa koleo dogo, anakipiga msasa, anakipaka rangi na kukigandisha mahali pake. Baada ya wiki kadhaa, Ford au Datsun yenye urefu wa kiganja inasimama kabatini, na mwenyewe ameshaanza kuwaza boksi linalofuata. Mapenzi haya yamelisha viwanda vya Marekani, Uingereza, Ujerumani na Japani kwa zaidi ya miaka 70.

Maboksi hayo hayajazoeleka madukani Mafiga, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo chini ya Milima ya Uluguru. Kazi yenyewe ya kuunda gari dogo kwa mkono, hata hivyo, si ngeni hapa. Mtoto wa mtaani anajua kugeuza dumu la mafuta ya kula kuwa lori, kuchonga matairi kutoka kwenye ndala iliyochakaa na kupitisha spoku ya baiskeli kuwa ekseli. Vijana wakubwa katika miji mingi ya nchi hii wamesonga mbele zaidi: wanaunda mabasi ya mbao na plastiki yenye viti, taa zinazowaka na rangi kamili ya kampuni. Kule Nairobi, mafundi wa matatu ndogo wanauza kazi zao kwa watu wazima wanaozikusanya.

Ujuzi upo, na mapenzi ya magari yapo. Kinachoikwamisha biashara hii Morogoro ni vitu viwili ambavyo havihitaji mtaji mkubwa: skeli moja, yaani uwiano wa modeli na gari halisi, inayofuatwa bila kubahatisha, na mteja wa kwanza anayeagiza kwa idadi.

Wakubwa walianzaje

Historia ya viwanda vya modeli ina somo ambalo mfanyabiashara wa Morogoro anaweza kulitumia leo. Airfix ya Uingereza ilitoa modeli yake ya kwanza mwaka 1949, nayo ilikuwa trekta la Ferguson. Kampuni ya matrekta ndiyo iliyoiagiza ili mawakala wake wawe na kitu cha kuwaonyesha wakulima. Baadaye modeli hiyo ikauzwa kwa umma ikiwa vipande vya kuunga. Huko Marekani, kampuni ya AMT ilianza mwaka 1948 kwa kutengeneza magari madogo yaliyotumiwa na wauzaji wa magari kuvutia wateja, kisha mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaingia kwa nguvu kwenye maboksi ya kuunga. Katika visa vyote viwili, aliyelipa mwanzo ni mwenye biashara ya gari halisi. Mtoto na mkusanyaji walikuja nyuma yake.

Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilianza mwaka 1946 ikiwa biashara ya kupasua mbao. Ikaanza kutengeneza modeli za mbao, na plastiki ikaigusa mwaka 1960 tu, wakati tayari ilikuwa na wateja na jina. Uzito ambao kampuni hiyo iliupa upimaji unaonekana katika modeli yake ya Porsche 934 ya mwaka 1976: Shunsaku Tamiya alinunua Porsche 911 nzima na kuifungua ili wabunifu wake waelewe kila sehemu yake.

Na sisi pia tumeuzwa ndani ya maboksi hayo. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliifanya Datsun 240Z iwe maarufu iliposhinda mwaka 1971, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imeitoa 240Z iliyoshinda mwaka 1971 kama modeli ya kuunga ya skeli ya 1 kwa 24. Vumbi ni letu, ila mapato yanabaki Japani.

Kifuniko cha chupa kina jibu

Kinachotenganisha gari la kuchezea na modeli ni skeli. Basi lenye urefu wa mita 12 likipunguzwa kwa 1 kwa 24 linakuwa na sentimita 50, ambazo ni nyingi kwa meza ya ofisi na ni taabu kulisafirisha. Kwa 1 kwa 32 linashuka hadi sentimita 37.5, na upana wa mita 2.5 unakuwa sentimita 7.8.

Sasa tazama tairi. Tairi la basi kubwa lina kipenyo cha mita moja na ushei, na kwa 1 kwa 32 linakuwa sentimita 3 na kidogo. Kifuniko cha kawaida cha chupa ya maji ya kunywa kinakaribia hapohapo. Fundi anayechagua skeli hii anapata matairi ya vipimo vinavyolingana, yaliyotoka kiwandani, kwa gharama ya kuyaokota na kuyaosha. Akikizungushia ukanda mwembamba wa mpira wa tyubu, kipenyo kinatimia na tairi linapata sura yake. Chupa yenyewe, ikikatwa na kunyooshwa, inatoa vioo. Hapa fundi mzoefu anajua mtego uliopo: supa gluu huacha ukungu mweupe kwenye plastiki inayoonyesha, na basi lililogharimu siku nne linaharibika dakika ya mwisho. Gundi nyeupe ya mbao inakauka taratibu, lakini kioo kinabaki safi.

Malighafi nyingine ziko mkoani. Bonde la Kilombero lina mashamba ya mtiki, na vipande vinavyobaki baada ya mbao kupasuliwa vinafaa kwa chasisi na sakafu. Mafundi seremala wana mabaki ya plaiwudi. Maduka ya kuchapisha stika yanaweza kutoa nembo na mistari ya rangi ya basi kwa ukubwa wowote, mradi fundi afike na vipimo vilivyoandikwa.

Hesabu ya mezani

Tuchukue mfano wa hesabu. Fundi anaunda basi moja kwa siku nne, vifaa vinamgharimu shilingi 13,000, na analiuza 40,000. Kinachobaki ni 27,000, yaani 6,750 kwa siku. Akitengeneza pateni za plaiwudi na kukata pande za mabasi kumi kwa mpigo, siku za kazi kwa kila basi zikashuka hadi mbili na vifaa vya jumla vikashuka hadi 10,000, bei ileile inamwachia 15,000 kwa siku. Hajaongeza mashine wala hajapandisha bei. Amepima mara moja, akakata mara kumi.

Hatua inayofuata ni kuuza vipande vikiwa havijaungwa. Boksi bapa lenye vipande vilivyokatwa, stika na karatasi ya maelekezo linaingia kwenye buti ya basi kama kifurushi bila kuvunjika, na saa nyingi za kazi ya kuunga zinahamia kwa mnunuzi, na hiyo ndiyo starehe anayoilipia. Boksi kama hilo haliwezekani bila skeli, kwa sababu kipande kisichokaa mahali pake kinamrudisha mteja dukani akidai fedha zake.

Forodha nayo inampa fundi wa ndani nafasi. Katika mfumo wa forodha, modeli za kuunga na vitu vya kuchezea vya watoto viko kwenye fungu moja, 9503. Bidhaa zilizokamilika zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kawaida hutozwa ushuru wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18 inahesabiwa juu ya jumla hiyo. Kwa hesabu hiyo, boksi lililofika bandarini kwa thamani ya shilingi 100,000 linakuwa 147,500, kabla ya tozo nyingine na faida ya mwenye duka.

Kwa nini mashine isubiri

Wapo watakaosema tuagize mashine ya kusukuma plastiki. Kalibu moja ya chuma ya kutolea gari dogo lenye vipande vingi inaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola, na inalipa pale tu unapouza maelfu ya maboksi ya gari lilelile. Morogoro ina kumbukumbu yake chungu katika jambo hili. Kiwanda cha viatu kilichojengwa mjini kwa mkopo wa Benki ya Dunia kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya. Hakikukaribia kabisa uwezo huo, na mwaka 1990 uzalishaji ulikoma. Mashine zilitangulia soko.

Mteja wa kwanza yuko Msamvu

Mabasi ya Abood yana makao yake Morogoro, na kampuni nyingi zinapitisha mabasi yao stendi ya Msamvu kila siku. Mwenye kampuni ana meza ya ofisi, ana wateja wakubwa wa kuwapa zawadi, na ana kila sababu ya kutaka basi lake lionekane vizuri. Fundi hahitaji kununua basi kama Tamiya alivyonunua Porsche: akiomba ruhusa ya kupima kwa futi kamba gari likiwa gereji, anarudi na daftari lenye vipimo vyote. Oda ya mabasi madogo 50 kutoka kampuni moja inatosha kulipia pateni zote.

Kila Agosti, maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki yanawaleta Morogoro wauza matrekta, biashara ileile iliyoiingiza Airfix kwenye modeli. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, inashusha wageni wanaoelekea Uluguru na Mikumi, na Land Rover ndogo ya safari ni kumbukumbu inayoingia mkobani.

Oda za aina hii zinadai utaratibu. Rangi na nembo za kampuni ni mali ya mwenyewe, kwa hiyo makubaliano ya maandishi yatangulie, na jina la karakana lisajiliwe BRELA. Modeli ya mkusanyaji iandikwe wazi kuwa haimfai mtoto mdogo, na rangi isiwe na madini ya risasi. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA ya Kihonda zingeweza kubeba somo moja fupi: kusoma vipimo, kugawa kwa 32, kuchora pateni, kukadiria bei. Mali bila daftari huisha bila habari, na fundi asiyeandika saa zake hujipunja kila anapouza.

Mafundi wa Mafiga wakikubaliana leo juu ya skeli ya 1 kwa 32, kazi zao zitaweza kuuzwa pamoja: basi la huyu, lori la yule na trekta la mwingine vitapangwa kwenye kabati moja na vyote vitaonekana vya dunia moja. Hapo ndipo mnunuzi wa kimoja anaporudi kutafuta cha pili na cha tatu, na biashara ya kukusanya modeli popote duniani inaishi kwa mnunuzi huyo anayerudi. Gharama ya kuanza ni rula, futi kamba na daftari. Kampuni ya mabasi itakayotoa oda ya kwanza itakuwa imejitangaza kwa bei nafuu na kuizindua sekta mpya mjini kwake kwa wakati mmoja.