Kwa Nini Ngoma ya Asubuhi Inafika Mbali?

Ukiwa Lusangi ao penginepo pa Kasongo na Kabambare, mbele ya jua kutoka, ngoma ao kengele ya mbali inasikika kama iko hapo karibu. Saa sita ya mchana mpigaji ni yule yule, lakini sauti inakuja vipande-vipande. Wengine wanasema ni kelele za mchana tu. Kelele zipo, lakini hewa nayo ina kazi yake.

Tazama juu ya mabati wakati wa jua kali: vitu vya nyuma vinacheza-cheza kama viko ndani ya maji. Udongo umepata moto, hewa ya moto inapanda, ya baridi inashuka, zinazungukana kama maji ya Lualaba penye mawe. Sauti inakimbia karibu metri 340 kwa sekunde, lakini mbio zaidi katika hewa ya moto. Ikipita katika mizunguko ile, wimbi linapindishwa huku na huku, linatawanyika. Tena, kwa kuwa hewa ya chini ndiyo moto zaidi, sauti inainama kwenda juu, inaruka vichwa vyetu. Kumbe kidogo kinachofika mchana, mara nyingi ni kile kilichotawanywa na mizunguko hiyo hiyo! Usiku udongo unapoa, hewa inatulia, sauti inainama chini.

Mwaka 1873 mtaalamu John Tyndall alijaribu mabaragumu na mizinga ya kuonya meli pwani ya Uingereza. Siku nyingine za jua na anga safi sauti ilikufa karibu, na katika ukungu ikafika mbali. Watu walikuwa wakifikiri kinyume.

Wazee wa ngoma walikuwa na akili yao. John Carrington, mmisionari wa Yakusu karibu na Kisangani, alieleza katika kitabu cha 1949 kwamba Walokele hawapigi neno moja fupi, wanapiga maneno marefu, sababu ngoma inatoa sauti ya juu na ya chini tu. Mimi naona urefu ule unasaidia hata mchana: hewa ikila kipande, kinachobaki kinaeleweka.

Sasa ninyi vijana wa machimbo. Filimbi moja fupi saa nane ya mchana si onyo la kutosha penye shimo. Aliye upande upepo unakotoka ndiye anayesikia vibaya zaidi, maana sauti inayopambana na upepo inainama juu. Pigeni mara nyingi, mwekeni mtu upande ule arudishe jibu, na mbele jibu halijafika, mtu asibomoe ukingo.