Umoja wa Kanisa Hauji kwa Kuhubiriwa Tu

Viongozi wa makanisa huwahimiza waumini kila Jumapili wawe na umoja. Wito huo ni mwema, lakini hautoshi. Nikiwa mwalimu wa isimu, naanza na maneno yenyewe. "Umoja" watokana na "moja", nao hutaja hali. "Ushirika" watokana na kitenzi "shiriki", nao hutaja tendo. Kanisa laweza kuwa na jina moja na paa moja, lakini likakosa ushirika.

Historia ya Marafiki, yaani Wakweka, magharibi mwa Kenya yatupa funzo. Wamisionari kutoka Marekani walifungua kituo Kaimosi mwaka 1902. Kazi yao ikaenea hadi Bungoma, ambako Lugulu ilipata kuwa kituo mashuhuri. Mwaka 1946 ukaundwa Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Kaimosi. Biblia nzima ilipotoka mwaka 1951, ilitoka kwa Kilogooli. Wabukusu na Walogooli wote ni Waluhya, lakini lugha zao zatofautiana sana, na jaribio la miaka ya 1940 la kusanifisha Kiluhya kimoja halikukubaliwa na wote. Mwaka 1973 Marafiki wa upande wa Elgon walijitenga, wakaunda mkutano wao wenye makao Lugulu.

Sidai kwamba lugha pekee ndiyo iliyoleta utengano huo. Nasema tu kwamba anayehisi sauti yake haisikiki katika nyumba ya pamoja hatakawia kujenga yake.

La ajabu ni kwamba Marafiki wana desturi iwezayo kuwa dawa. Katika vikao vyao hawapigi kura. Karani husikiliza, hupima mwelekeo wa kikao, huandika uamuzi na kuusoma mbele ya wote ili waukubali au waurekebishe. Lakini atakubalije, au atarekebishaje, mtu asiyeelewa lugha iliyosomwa?

Mjini Kitale swali hilo ni zito zaidi. Mji huo ulikua katikati ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, na baada ya uhuru wa 1963 jamii nyingi zilipata ardhi katika eneo la Trans Nzoia. Katika benchi moja huketi Mbukusu, Msabaot, Mkikuyu, Mturkana na Mkisii. Mapema mwaka 2008, uwanja wa maonyesho wa Kitale ulipojaa wakimbizi wa ghasia za uchaguzi, ilidhihirika kwamba kuimba pamoja si sawa na kuaminiana. Januari hiyo hiyo Marafiki walikutana Kakamega kutafuta njia ya amani, na kutokana na kikao hicho wakaunda kundi la kushughulikia upatanisho. Huo ndio ushirika: kazi iliyogawanywa, si hotuba.

Walimu na wanafunzi, ninyi ndio mara nyingi mnaopewa ukatibu na ukalimani makanisani. Someni hesabu za sadaka kwa Kiswahili kinachoeleweka. Bibi kizee akitaka kusema kwa Kibukusu au Kisabaot, mwacheni aseme, kisha mfasirini kwa uaminifu. Siku ya Pentekoste watu hawakulazimishwa kuzungumza lugha moja. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake. Kanisa linalomsikiliza kila mtu halihitaji kuhimizwa umoja kila wiki.