Umbea Uliotufundisha Kusema

Haya wanangu, nani anajua mtu wa kwanza kusema alisema nini? Msijisumbue kukisia. Maneno hayaachi mifupa ardhini. Ndiyo maana mwaka 1866 chama cha wanaisimu cha Paris kilipiga marufuku mjadala wa chanzo cha lugha: kila mtu alikuwa na lake, ushahidi hakuna.

Siku hizi wataalamu wamelirudia swali hilo. Mmoja wao, Robin Dunbar wa Uingereza, alilijibu mwaka 1996 katika kitabu chake *Grooming, Gossip, and the Evolution of Language*. Hicho ndicho ninachotaka mkisome.

Dunbar aliwachunguza nyani wa gelada kwenye milima ya Ethiopia. Nyani hukaa wawili wawili, mmoja akipekua manyoya ya mwenzake. Si usafi tu. Anayekupekua leo huenda ndiye atakayekutetea kesho ukishambuliwa. Lakini mikono ni miwili, na wa kupekuliwa ni mmoja kwa zamu. Kundi likiwa kubwa, siku itaishia kwenye manyoya. Chakula atatafuta nani? Hapo, asema Dunbar, mababu zetu wakaanza kupekuana kwa sauti. Neno moja huwafikia watatu kwa mpigo, huku mikono ikiendelea kuchimba mizizi. Walizungumza nini? Watu! Nani kagombana na nani, nani mchoyo, nani wa kuaminika. Umbea mtupu.

Ila kitabu hiki msikimeze bila kutafuna. Tumbili wa Amboseli, Kenya, wana mlio wa kuonyana kuhusu chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka. Watafiti walipowapigia milio iliyorekodiwa, ule wa chui uliwapandisha mitini, wa tai ukawafanya watazame juu, wa nyoka ukawasimamisha wakichungulia nyasi. Je, lugha haikuweza kuanzia kwenye hatari badala ya soga?

Tena kuna swali gumu zaidi. Kumpekua mwenzako kunakula muda wako, kwa hiyo anajua unamjali. Neno halina gharama. Hata mwongo analo. Sasa mababu zetu waliyaaminije maneno?

Kitabu ni cha Kiingereza, lakini kimeandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida. Ninyi wa sekondari, kisomeni wawili au watatu, mbishane kila sura. Na atakayekuja kuniambia Dunbar kakosea, aje na sababu.