Je, Wajua? Kidonge cha Maumivu Kinapozubaisha Akili

Je, wajua kwamba amitriptilini ilianza kama dawa ya sonona? Marekani iliiruhusu mwaka 1961. Leo mtu ambaye miguu inamwaka moto kwa sababu ya kisukari huandikiwa kiasi kidogo tu, miligramu 10 au 25 usiku, kutuliza mishipa ya fahamu. Basi ukisoma "sonona" kwenye karatasi ya ndani ya boksi, usidhani daktari kakuona una kichaa ukaitupa.

Je, wajua kwamba saa ya kumeza inaweza kuokoa asubuhi yako? Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu. Mfanyakazi wa mgodi wa Bulyanhulu anayeimeza saa 5 usiku, kisha akaamka saa 10 alfajiri kuwahi basi la zamu, anapanda akiwa bado mzito: macho yako wazi, ila jina la mwenzake wa kila siku halimjii. Amwambie daktari. Mara nyingi dawa husogezwa hadi saa 1 au saa 2 usiku, au kiasi kikapunguzwa, na mtu akaendelea nayo vizuri.

Gabapentini na pregabalini, dawa nyingine za maumivu ya mishipa ya fahamu, je? Hizo hutolewa mwilini na figo. Figo zikidhoofika, dozi ya kawaida hujikusanya, mtu akaanza kuyumba na kusahau alichotumwa. Presha na kisukari huharibu figo kimyakimya, kwa hiyo omba kipimo cha figo kabla ya kulaumu umri.

Je, wajua kwamba Piriton ya mafua huziba kemikali ileile ya ubongo inayozibwa na amitriptilini, na kwamba kemikali hiyo inahitajika katika kukumbuka? Ukizichanganya, uzito wa kichwa huongezeka. Muuzaji wa duka la dawa hawezi kulijua hilo usipomtajia unachomeza nyumbani.

Tramadoli ya maumivu, diazepamu ya kutuliza na pombe: yoyote mawili kati ya hayo kwa pamoja yanaweza kudhoofisha pumzi hadi mtu asiamke.

Je, wajua kisa cha tramadoli na ng'ombe? Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wameikuta kwenye mizizi ya mti mmoja kaskazini mwa Kamerun, wakaamini mti unaitengeneza wenyewe. Mwaka uliofuata watafiti wengine walionyesha chanzo kingine: wakulima walikuwa wakiwapa ng'ombe wa kulima vidonge hivyo na kuvimeza wao pia, ili wahimili jua na kazi, dawa ikaingia ardhini kwa mkojo na kinyesi. Wanaojaribiwa kumeza tramadoli ili washinde kwenye duara (shimo la mgodi) au kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) wajue kwamba dawa hii huweza kuleta kizunguzungu, na hata kifafa kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka.

Lakini, je, wajua kwamba si kila usahaulifu hutoka kwenye kidonge? Katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake hauna rangi wala harufu ya kukuonya. Ukiuvuta mara kwa mara huleta mikono kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za ghafla na kupoteza kumbukumbu. Mchomaji mwenye maumivu ya mgongo anaweza kuacha dawa inayomsaidia huku kinachomuumiza ni mvuke. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, ila uchomaji bado unaendelea, hata majumbani penye watoto. Ukienda kliniki, taja kazi yako kabla hujataja dawa.

Vivyo hivyo, kwa mtoto wa sikoseli, ugonjwa unaozitesa familia nyingi za Kanda ya Ziwa, kushuka ghafla darasani kunaweza kuwa dalili ya kiharusi kidogo kisichoonekana kwa nje. Mpeleke akapimwe.

Je, wajua kwamba bibi anaweza kuanza kuongea na watu wasiokuwepo siku mbili tu baada ya kupewa kidonge kipya cha maumivu? Hili linanigusa kuliko yote. Shinyanga ni mkoa ambamo vikongwe wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa macho mekundu tu, yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Bibi akibadilika ghafla, kusanyeni dawa zake zote, za hospitali na za mitishamba, mzipeleke pamoja naye kwa daktari siku hiyohiyo. Dawa ikibadilishwa, wengi hurudi kama walivyokuwa.

Je, wajua kwamba kuacha ghafla nako kuna hatari? Pregabalini, gabapentini au kabamazepini ikikatwa kwa siku moja inaweza kuleta degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Na kusinzia kwa mofini ya maji, wanayopewa wagonjwa wa saratani, kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache. Uganda imeitumia tangu 1993, na wauguzi wake waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika.

Nunua daftari la mia tano. Andika jina la dawa, saa uliyomeza, saa kichwa kilipokuwa kizito, na ulichoshindwa kufanya: kuhesabu chenji, kufuata mahubiri, kukumbuka njia. Mwombe mtu wa nyumbani aandike pia, maana mwenye kuzubaa mara nyingi hajioni.