Mkeka wa Likizo

Shule zimefungwa. Watoto wako nyumbani. Siku ya kwanza wanafurahi, wanacheza mpaka jua linazama. Siku ya 3 wanaanza kuuliza, "Mama, tufanye nini?" Siku ya 5 hawaulizi tena. Wamekwenda mtoni kuogelea, na wewe uko shambani huna habari.

Ndugu msomaji, jambo hili unalijua. Likizo ya katikati ya mwaka ni kama mwezi 1. Kazi za nyumbani zipo, na watoto wasaidie: wachote maji, wafagie uwanja, wapeleke mbuzi malishoni. Lakini mchana ni mrefu, na mtoto asiye na shughuli huitafuta.

Katika somo hili tutafanya kazi moja pamoja na watoto. Tutasuka ukili, kisha tutaushona uwe mkeka mdogo wa mtoto kulalia mchana. Kazi hii itatosha likizo nzima. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji ukae chini, wewe mwenyewe, pamoja na mtoto.

Kwa nini ukili?

Wasomaji wa Pwani wanaufahamu ukili. Kwa ajili ya wasomaji wa bara, nieleze kidogo. Ukili ni utepe mrefu uliosukwa kwa majani makavu. Majani hayo hutoka kwenye mkindu, au kwenye mti mwingine ambao majani yake huitwa miyaa. Ukindu ni laini, nao hutumika kwa mikeka mizuri. Miyaa ni migumu zaidi, nayo hutumika kwa majamvi, vikapu na makanda. Jani likichanwa vipande vyembamba, kila kipande huitwa chane. Chane zikisukwa pamoja, huo ndio ukili. Ukili ukishonwa ubavu kwa ubavu, umepata mkeka.

Zamani mtoto wa Pwani alijifunza kusuka kwa kukaa karibu na bibi yake. Hakuna aliyeliita jambo hilo somo. Bibi alisuka huku akisimulia, na mtoto alitazama mikono yake. Siku moja mtoto alichukua chane zilizobaki akajaribu. Akakosea, bibi akafumua, wakaanza tena.

Leo tunanunua mikeka ya plastiki dukani. Simlaumu mtu. Mkeka wa plastiki huoshwa kwa maji na hukauka upesi. Hata nyumbani kwangu upo. Lakini wako vijana wengi ambao hawajapata kushika chane mkononi, na mabibi wanaojua wanapungua.

Mimi mwenyewe ni mfano mbaya. Bibi yangu alijua kusuka mkeka wa rangi 3, wenye maandishi ndani yake. Nilikaa miguuni pake miaka mingi, nikichezea mikia ya chane alizokata. Sikumwuliza hata siku moja, "Bibi, herufi hizi unaziingizaje?" Nilidhani atakuwapo siku zote. Leo ninajua kusuka ukili wa chane 5 tu, na ndio huu nitakaokuonyesha. Yale maandishi alikwenda nayo.

Wewe umejifunza kusoma ukubwani. Uliweza kwa sababu herufi zilikuwa zinakungoja vitabuni. Ukili haungoji hivyo. Uko mikononi mwa watu. Hata somo hili halitoshi kukufundisha kama mikono ya mtu anayejua. Kwa hiyo, kama kijijini yuko bibi anayesuka, likizo hii mpelekee watoto. Wamchotee maji na kumtafutia kuni, naye awafundishe. Ukiwa humpati, endelea kusoma.

Kupata chane

Kazi ya kukata ukindu ni ya mtu mzima. Makuti ya mkindu yana miiba mikali karibu na shina, na kwenye vichaka vya mikindu nyoka hupenda kukaa. Watoto wasubiri pembeni, wabebe mzigo wakati wa kurudi.

Kata kuti changa la katikati, lile ambalo halijafunguka. Lakini usikate yote ya kichaka kimoja. Mkindu hukua kutoka ncha yake. Ukichukua machanga yote kila mara, mti hudhoofika na mwisho hufa. Chukua moja hapa, moja pale.

Ukifika nyumbani, tenganisha majani, yafunge mafungu madogo, uyaanike juani siku 3 hadi 5 mpaka yageuke meupe. Watoto wanaweza kuyageuza na kuyaingiza ndani jioni. Mvua au umande ukiyapata yakiwa yamefungwa, hushika ukungu na kuwa na madoa meusi. Hapo wamefundishwa kulinda kitu, wala hukuwahubiria.

Kisha chana. Toa ule uti mgumu wa jani. Chana kwa ukucha au kwa sindano, kila chane iwe na upana wa nusu kidole. Chane zote ziwe sawa. Hapa ndipo watoto huharakisha, na ukili wa chane zisizo sawa hupinda kama nyoka. Waache wachane vibaya mara ya kwanza. Wakiona ukili wao unapinda, watachana vizuri mara ya pili bila kugombezwa.

Mkitaka rangi, chemsha chane chache kwa maji yenye unga wa manjano kwa muda wa nusu saa, uziache humo mpaka asubuhi. Zitatoka na rangi ya njano. Jua huififisha rangi hiyo baada ya muda. Mbegu za mzingefuri nazo hutoa rangi nyekundu ya machungwa. Kama unatumia rangi ya unga ya dukani, usichemshie katika sufuria ya chakula. Tumia kopo kuukuu, na moto usimamie mwenyewe.

Na wewe uliye mbali na mikindu? Tumia nyuzi za mkonge, au maganda makavu ya mgomba yaliyochanwa, au matambara ya kanga iliyochakaa. Mkono hujifunza vilevile.

Kusuka

Chukua chane 5. Zilowanishe kidogo kwa maji ili zisikatike. Zifunge pamoja upande mmoja kwa uzi, na fundo hilo ulibane kwa kidole gumba cha mguu. Mtoto akae mbele yako akiwa na chane zake 5. Usimpe za kwako. Mtoto anayetazama tu hachelewi kuondoka.

Zipange chane zako zilale bapa, moja kando ya nyingine. Sasa soma polepole, na kila ukisoma sentensi moja, fanya.

Shika chane ya mwisho upande wa kushoto. Ipitishe juu ya chane iliyo jirani yake. Kisha ipitishe chini ya chane inayofuata. Iache hapo. Sasa iko katikati.

Shika chane ya mwisho upande wa kulia. Ipitishe juu ya chane iliyo jirani yake. Kisha ipitishe chini ya chane inayofuata. Iache hapo. Sasa hiyo ndiyo iko katikati.

Rudi kushoto. Kisha kulia. Kisha kushoto. Ni hivyo hivyo tu mpaka mwisho. Watoto huimba wenyewe: "Juu, chini, acha! Juu, chini, acha!" Waache waimbe. Mtoto akisahau wimbo, amekosea kusuka, na atajua mwenyewe ni wapi.

Vuta chane kila mara ili ukili ukaze. Chane zilizolowa hupungua zikikauka, na ukili uliolegea huacha matundu. Chane moja ikikaribia kwisha, weka mpya juu yake, uzisuke mbili pamoja kama ni moja kwa mizunguko michache, kisha iache ya zamani. Mkia wake utaning'inia. Usiukate sasa. Na chane 5 zisiishe zote mahali pamoja, maana hapo ukili utakatika.

Siku ya kwanza ukili wa mtoto utakuwa mbaya. Usiufumue wote mbele yake. Pima ule uliosukwa, hata kama ni shibiri 1, uandike tarehe kwenye daftari.

Hesabu ya mkeka

Daftari hilo ni muhimu, kwa sababu hapa tunafika kwenye hesabu. Mtoto ajue tangu mwanzo kazi yote ni kiasi gani.

Mkeka wetu una urefu wa sentimeta 120 na upana wa sentimeta 60. Ukili wa chane 5 una upana wa sentimeta 3 hivi, yaani kama vidole 2. Je, tunahitaji vipande vingapi? Gawanya 60 kwa 3. Jibu ni 20. Kila kipande kina sentimeta 120. Zidisha 20 kwa 120. Jibu ni sentimeta 2,400, yaani meta 24.

Meta 24 zinaonekana nyingi. Lakini mtoto akisuka meta 1 kwa siku, atamaliza kwa siku 24, na likizo itakuwa bado haijaisha. Watoto wakiwa 2, ni siku 12. Mtoto wa miaka 9 au 10 aliyekwisha zoea hahitaji kukaa mchana kutwa ili apate meta 1. Kama hamna rula ya meta, pimeni kwa mkono. Wazee wetu walipima kwa shibiri, dhiraa na pima. Pima 1 ni dhiraa 4. Mpe mtoto kazi ya kutafuta dhiraa yake mwenyewe ni sentimeta ngapi, kisha ya baba, kisha ya bibi. Zitatofautiana, na atakuuliza kwa nini duniani watu walianza kutumia meta. Hilo ni swali zuri.

Kila jioni mtoto mwenyewe aandike: leo meta ngapi, jumla meta ngapi, zimebaki ngapi. Wewe usome alichoandika. Akikosea kujumlisha, msahihishe. Na ukikosea wewe, atafurahi sana kukusahihisha, nawe usikasirike.

Neno moja kwa wazazi wenzangu. Mkeka huu ni wa mtoto. Nimewahi kusikia watu wakisema, "Kama anaweza meta 1, asuke 5, tuuze." Ukifanya hivyo likizo imekwisha, na mwaka ujao mtoto akiona ukindu atakimbia. Akipenda baadaye kusuka kikapu cha kuuza, sawa, na wanunuzi wapo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na watu wanaokwenda sokoni wanahitaji cha kubebea. Lakini huu wa kwanza usiuzwe.

Na wavulana? Sehemu nyingi za Pwani kusuka mikeka kulikuwa kazi ya wanawake. Mvulana anaweza kusema, "Mimi siyo msichana." Basi baba akae naye asuke. Baba akikaa, ubishi huo hautasikika tena.

Wadogo wafanye nini?

Mtoto wa miaka 4 au 5 hawezi kusuka, lakini atataka kuwapo, na asipopewa kitu ataharibu cha wenzake. Kwenye minazi kuna dawa. Chukua ukuti mmoja mbichi, utoe chelewa yake, ukate vipande 2 vya urefu wa kiganja. Kunja kila kipande katikati, kimoja kishike kingine, uvute ili kifanyike kifundo chenye mabawa 4. Toboa kifundo hicho kwa mwiba, upitishe ile chelewa. Ukikimbia nacho kuelekea upepo, kinazunguka. Mtoto atakimbia nacho mpaka achoke. Kwa ukuti huohuo utamfanyia saa ya mkononi na miwani.

Pasipo minazi, mabua ya mtama yanafaa kwa gari, na gunzi la hindi lililofungwa kitambaa ni mtoto wa kubembeleza. Visu na wembe viwekwe mbali nao.

Kushona

Meta 24 zimetimia. Ongezeni 1 ya akiba. Laza ukili juani siku 1 ukauke kabisa, kisha mkate mikia yote inayoning'inia. Kazi hii watoto wanaipenda kuliko zote.

Fundi aliyezoea ana njia yake ya kushona. Akiwapo, mfuate yeye. Kwa wanaoanza, funga uzi mahali pa kukata kabla ya kukata, ili ukili usifumuke. Kata vipande 20. Weka viwili ubavu kwa ubavu. Kwa sindano kubwa yenye uzi mnene au chane nyembamba iliyolowa, pitisha kwenye ukingo wa hiki, kisha kwenye ukingo wa kile, ukienda mbele kidogo kidogo. Usivute mno, mkeka utajikunja. Mtu mzima ashone vipande 2 vya kwanza, mtoto aendelee. Mwisho, shonea kitambaa pande zote 4 ili kuficha miisho.

Mahali fulani katikati mtaona kipande kilichopinda. Ni kile cha siku ya kwanza, chenye tarehe kwenye daftari. Mtoto atataka kukitoa. Mwambie akiache. Kisha mkunguteni mkeka, mwutandike kivulini, mtoto alale.