Vigae vya chupa navyo ni kurasa za historia

Wapo wanaodhani kwamba historia ya mahali pa kale hukaa katika kuta, mizinga na majina ya watawala peke yake. Mwanafunzi anayezuru Ngome ya Yesu mjini Mombasa hukariri kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwamba Waarabu wa Omani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, na kwamba ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Hayo ni kweli. Lakini waliokaa humo walikula nini, walikunywa nini, na kwa vyombo gani? Maswali hayo hujibiwa na taka, na miongoni mwa taka hizo ni vigae vya chupa.

Kioo hakiozi wala hakishiki kutu. Aidha, ufundi wa chupa umebadilika hatua kwa hatua, na kila hatua imeacha alama yake. Kovu la mviringo kwenye kitako huonyesha kwamba chupa ilipulizwa na fundi, ikashikiliwa kwa ufito wa chuma alipokuwa akiiumba shingo. Mshono unaopanda hadi juu kabisa ya mdomo ni dalili ya mashine. Na mashine ya kwanza iliyojiendesha yenyewe, ya Mmarekani Michael Owens, ilianza kazi mwaka 1903. Mdomo ulioumbwa kupokea kizibo cha bati chenye meno hauwezi kutangulia 1892, mwaka William Painter alipopata hataza ya kizibo hicho. Basi tabaka la udongo lenye kigae cha namna hiyo, maadamu halikuvurugwa, halikufanyika kabla ya hapo.

Mimi ni mwanaisimu, si mwanaakiolojia. Lakini kanuni hii naitambua. Maneno nayo ni vigae. "Mvinyo" na "kopo" yalitufikia kutoka kwa Wareno, na kwao "copo" ni bilauri. "Gereza" lilianza kama "igreja", yaani kanisa. Likaja kumaanisha ngome, kisha jela. Atakayedai kwamba kila asemaye "gereza" ni Mreno atachekwa. Hali kadhalika, chupa ya mvinyo kutoka Ulaya haithibitishi kwamba aliyeimiliki mwisho alikuwa Mzungu, wala kwamba alikuwa mlevi. Chupa tupu ilikuwa mali: ilitiwa mafuta, asali au marashi, ikapita mikono mingi kabla ya kuvunjika. Kigae chenyewe hueleza jinsi kilivyotengenezwa. Mahali kilipolala, na vilivyolala kando yake, ndivyo vinavyoeleza kilivyotumiwa.

La kusikitisha ni kwamba baadhi ya wageni huokota vigae kwenye magofu yetu na kuvitia mfukoni kama ukumbusho. Kigae kilichoondolewa mahali pake ni sawa na neno lililonyofolewa katika sentensi: umbo limebaki, maana imepotea. Na wanaopoteza zaidi si watawala, ambao majina yao yamo vitabuni. Ni wapishi, watumwa, askari wa kawaida na wafungwa, ambao hawakuacha maandishi yoyote.

Sheria ya mwaka 2006 ya makavazi na turathi za kitaifa inavilinda vitu vya kale, lakini sheria haiwezi kusimama kando ya kila mtoto. Walimu wenzangu, tuwafundishe wanafunzi wetu kukitazama kigae, kukichora, kuandika kilipoonekana, kisha kukiacha papo hapo. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mdharau kigae naye huwapoteza wahenga wake.